Pima kwa Maji, Usipime kwa Macho



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu ya barabara. Nitasema juu ya tope.

Kwetu Bariadi, katika Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, mvua ni za kati ya Novemba na Mei, na mara nyingi huja kwa kishindo. Tukishakwangua majani ili tupitishe barabara, udongo hubaki hauna mwenyewe. Maji huusomba mtaroni, huuingiza mtoni, na Mto Simiyu huufikisha Ziwa Victoria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yataka tathmini ifanywe kabla ya ujenzi. Lakini karatasi haizuii maji.

Katika kazi moja niliukubali uzio wa kitambaa kwa kuutazama tu. Ulisimama wima, ukapendeza. Mvua ya kwanza ikapita chini yake, na lambo la kijiji likajaa tope. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, ng'ombe wanywe nini?" Sikuwa na jibu.

Ndipo nikaanza kupima. Tulichimba mtaro wa majaribio, tukamimina mapipa ya lita 200 ya maji yaliyokorogwa na udongo wa pale pale, tukakinga yaliyotoka upande wa pili. Tulijifunza mambo matatu. Kwanza, kitambaa kisipofukiwa ardhini yapata sentimeta 15, ni pazia tu. Pili, kazi kubwa ya uzio si kuchuja bali ni kuyatuliza maji; yakitulia, mchanga wa luseni hutua upesi. Tatu, udongo mweusi wa mbuga hautui upesi, maana chembe zake nyingi hazifiki milimeta 0.002. Huo hupita na maji. Dawa yake ni kutoufunua ovyo: fungua kipande kifupi, kimalize, panda majani, ndipo uendelee.

Ndugu zangu, hapa shuleni tulitikisa udongo katika chupa ya maji, tukaiacha mpaka kesho yake. Mchanga ulikuwa chini, na maji ya juu yangali na ukungu. Jibu la mbuga nilikuwa nalo tangu siku ile, nikalisahau. Basi kila mwenye kalamu ya kutia sahihi amwage maji kwanza, kabla mvua haijamwaga yake.