Baiskeli Kwenye Miinuko ya Uasin Gishu: Barabara Moja, Watumiaji Wengi

Mazungumzo yaliyotayarishwa kwa Siku ya Baiskeli Duniani, tarehe 3 Juni



Alfajiri katika barabara ya Eldoret kwenda Iten huonekana baiskeli za aina tatu. Ya kwanza ni Black Mamba nzito, mitungi ya maziwa imefungwa kwa mpira kwenye keria, na mwenyewe anaharakisha ili maziwa yasichachuke. Ya pili ni ya mwanafunzi mwenye mkoba mgongoni. Ya tatu ni nyepesi, ya matairi membamba, na aliye juu yake amevaa helmeti na anahesabu dakika. Watatu hao huenda hawafahamiani, lakini wote hupita kwenye ukingo mmoja wa lami. Lori likiwapita kwa karibu mno, wote watatu hutupwa na upepo wake.

Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe hii mwaka 2018 ili nchi zote zikumbuke thamani ya baiskeli. Kwa wakazi wa Uasin Gishu, ni nafasi ya kutazama upya mali ambayo tayari wanayo. Mji wa Eldoret uko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Pande zake nyingi ni uwanda wa mashamba ya mahindi na ngano, wenye vilima vya kupanda na kushuka taratibu. Mwendeshaji hapandi mlima wa kumkata pumzi ghafla, wala hashuki mteremko wa kumtoa jasho la hofu. Hupanda kidogo, akapumzisha miguu, akapanda tena. Kwa anayejifunza ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwa anayeshindana, hewa nyepesi ya huku juu huujenga mwili, kama wanariadha wa mbio walivyokwisha kuthibitisha.

Njia inayojulikana zaidi ni hiyo ya Iten, takriban kilomita 35. Hutoka mjini, kisha mashamba yakafunguka na kilima cha Sergoit kikaonekana. Iten iko karibu mita 2,400, kwa hiyo tofauti ya urefu na Eldoret ni mita 300 hivi, lakini imetawanyika safari nzima. Kurudi huwa ni raha, kwa kuwa barabara yenyewe humsukuma mtu nyumbani. Mgeni aonywe jambo moja: upole wa njia hii unaishia Iten. Ukivuka mji huo kuelekea Tambach, barabara inaporomoka kuingia Bonde la Kerio, na breki zisizo imara hazifai huko.

Njia ya pili ni ya Kaptagat kupitia Naiberi. Hii ina kivuli cha msitu na ubaridi mzuri, ila lami hukaa na unyevu na asubuhi nyingine ukungu hutanda. Taa ya mbele na ya nyuma ni lazima hata kama kumepambazuka. Njia ya tatu ni ya kuelekea Ziwa, katikati ya mashamba ya mahindi. Anayependa kutazama kilimo cha kaunti hii kikibadilika mwezi kwa mwezi apite huko.

Njia ambayo haipendekezwi ni barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Malaba. Hiyo ndiyo njia ya malori yaendayo Uganda na nchi za mbele yake. Barabara ya kando ya Eldoret imeyapa malori hayo njia ya kuzunguka mji, lakini nje ya mji bado ni barabara ya mwendo wa kasi. Mwendeshaji anayelazimika kuivuka avuke kwa miguu, akiikokota baiskeli.

Majira nayo yana kanuni zake. Wakati wa mvua, mara nyingi asubuhi huwa kavu na radi huanza baada ya adhuhuri. Kwa hiyo safari ianze mapema na iishe kabla ya chakula cha mchana. Barabara za murram huwa nzuri wakati wa kiangazi, lakini zikinyeshewa hugeuka utelezi, na tope hujaa kwenye gia hadi gurudumu likataa kuzunguka. Kuanzia Oktoba, mavuno yanapoanza, barabara hujaa trekta zenye trela na kombaini pana kuliko njia moja ya gari. Mwenye baiskeli asijaribu kupita trekta kwenye kilele cha kilima, kwa sababu hawezi kuona kinachokuja upande wa pili. Hapo ndipo vilima hivi vya upole vinapodanganya: ni vifupi, lakini vinatosha kabisa kuficha matatu.

Vijana wanaouliza kama baiskeli inaweza kumfikisha mtu mbali wana mfano karibu. Timu ya Kenyan Riders iliweka kambi yake Iten. Mmoja wa waliopitia timu hiyo ni marehemu Suleiman Kangangi, aliyemaliza wa tatu katika Tour du Rwanda mwaka 2017. Alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mashindano ya barabara za changarawe huko Vermont, Marekani. Mwaka 2024, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na kuvikwa jezi ya kijani. Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika. Mchezo huu sasa uko jirani.

Lakini bingwa hatoki hewani. Hutokana na mtoto ambaye mzazi wake hakuogopa kumruhusu kupanda baiskeli kwenda shule. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba zaidi ya nusu ya wanaokufa barabarani duniani ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Hao ndio wanaopita ukingoni. Ukingo ukiliwa na mvua hadi lami ikabaki na ngazi ya kina cha kiganja, mwenye baiskeli hana pa kukimbilia. Mtaro ukizibwa kwa takataka, maji hupanda barabarani. Gari likiegeshwa ukingoni mbele ya duka, mwanafunzi hulazimika kuingia katikati ya magari.

Baadhi ya haya yako mikononi mwa kila mtu. Madereva wakumbuke kwamba mwendo wa juu mjini ni kilomita 50 kwa saa, na kwamba mwenda pole hajikwai. Wanapompita mwenye baiskeli, wamwachie nafasi ya kutosha kama wanavyoliachia gari. Wahudumu wa bodaboda wasigeuze ukingo kuwa steji. Waendesha baiskeli nao wavae riflekta, wapange mstari mmoja, wakague breki, na wabebe pampu na kifaa cha kuziba pancha.

Mengine yanahitaji bajeti, na bajeti inahitaji sauti ya mwananchi. Kwa mujibu wa Katiba, barabara za kaunti ni jukumu la serikali ya kaunti. Barabara kuu za kitaifa ziko chini ya KeNHA. Kila kaunti hutakiwa kuwasilisha Mpango wa Maendeleo wa Mwaka katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Kwa hiyo anayetaka ukingo wa barabara ya kwao urekebishwe, au kivuko kiwekwe mbele ya shule, asingoje mwaka uishe. Afike kwenye kikao cha wadi cha kuchukua maoni ya umma, ataje barabara kwa jina, aonyeshe mahali penyewe, na aeleze ni nani hupita hapo na saa ngapi. Ombi la namna hiyo huwa zito kuliko kusema tu kwamba barabara ni mbaya.

Mchuuzi wa maziwa aende kwenye kikao hicho. Mzazi wa mwanafunzi aende. Vilabu vya baiskeli viende pia, kwa kuwa wanachama wao hupita kila kilomita ya njia hizi na wanajua kila shimo lilipo. Wakikaa benchi moja na kutaja barabara moja, ombi lao litakuwa la kijiji kizima.