Aliyetuandalia Meza Ugenini



Mtu akiondoka kwao kwenda kutafuta kazi nchi ya mbali, twamwombea mambo mengi: safari njema, afya, na tajiri mwema. Ni mara chache sana twamwombea mahali pa kula. Lakini sisi tuliofanya kazi Doha, mji mkuu wa Qatar, tulijifunza ya kwamba hilo nalo ni jambo la kuombewa.

Qatar ni nchi ndogo yenye wageni wengi kuliko wenyeji. Wako Wahindi, Wanepali, Wabangladeshi na Wafilipino, na Wakenya pia, wengi wao walinzi, madereva na watumishi wa nyumbani. Siku ya mapumziko ni Ijumaa, hata Wakristo wengi huenda ibadani siku hiyo. Wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 40. Tangu mwaka 2021 sheria ya huko yaweka mshahara wa chini kuwa riyali 1,000 kwa mwezi, na tajiri asiyempa mfanyakazi chakula yampasa kumwongezea riyali 300. Gawanyeni kwa siku 30, mtaona ni riyali 10 kwa siku. Na katika hizo kumi, wako wanaojinyima ili karo ya mtoto ipatikane.

Mahali petu palikuwa mkahawa mdogo wa mtu wa Kerala, kusini ya India. Palikuwa na meza chache tu, na jiko lilionekana kutoka mlangoni. Chai yao huitwa karak: majani mengi, maziwa ya mkebe, sukari na iliki, vikachemshwa pamoja mpaka chai iwe nzito. Pembeni yake huletwa parata, chapati yenye matabaka, ikiwa bado moto. Mkenya akionja vitu hivyo, haulizi ni nini. Maana chapati na chai ya viungo tulizipata kwa Wahindi, tukazipika hata zikawa zetu, nazo zikatupokea ugenini kama jamaa.

Lakini hatukupapenda kwa sababu ya chakula peke yake. Kazini mtu alikuwa namba, na bwenini alikuwa kitanda. Pale mkahawani aliitwa kwa jina lake. Mwenye mkahawa alijua nani hatumii sukari, na nani amepata habari ya msiba kutoka kwao.

Ukaja mwezi ambao mishahara yetu haikulipwa. Wiki ya kwanza tulikopeshana. Wiki ya pili hakuna aliyekuwa na cha kukopesha, nasi tukaacha kwenda mkahawani, maana tuliona haya kupita mlangoni pake mikono mitupu. Yeye ndiye aliyetuita. Akatoa daftari lake, akaandika majina yetu mmoja mmoja, akatuonyesha viti. Akasema maneno machache tu: kuleni kwanza, hesabu baadaye. Wala hakuwa mtu wa mali. Yeye naye alikuwa mgeni, na mtoto wake wa mwisho alimwona katika simu tu. Mishahara ilipopatikana, kila jina katika daftari lile lilifutwa. Mwenzetu mmoja aliyekuwa amehamia kazi nyingine alituma deni lake kwa mkono wa rafiki.

Mtu yule hakuwa wa dini yetu, wala hakutuuliza dini. Twamkumbuka Eliya, ambaye wakati wa njaa alilishwa na mjane wa Sarepta, mwanamke wa taifa jingine, aliyekuwa na unga wa mlo mmoja tu. Mungu hatafuti ghala lililojaa ili awalishe watu wake. Mara nyingi hutumia mkono wa yule ambaye naye anahitaji.

Basi, ndugu zetu, yako mambo mawili twawaomba.

La kwanza ni kwenu mlio na mtoto au mume au dada ng'ambo. Akipiga simu, mazungumzo huwa ni karo, mabati na dawa. Hayo ni ya lazima. Lakini kabla ya hayo mwulizeni: umekula? Unakula pamoja na nani? Mtu anayekula peke yake siku zote atawaambia yu mzima, na moyoni hayuko mzima. Swali hilo dogo laweza kumfungua akaeleza shida aliyoificha.

La pili ni letu sote tulio hapa. Mlinzi wa langoni ametoka mbali. Msichana wa kazi ana mama yake kijijini. Mkimbizi huketi nyuma kanisani na kuondoka kabla ya salamu. Twawapa mshahara, au sadaka, au nguo kuukuu. Je, twawajua kwa majina? Je, wamewahi kuketi mezani petu, si jikoni, bali mezani?

Jumapili hii, ibada ikiisha, tusikimbilie nyumbani. Tumtafute mmoja, tumwulize jina lake na kwao ni wapi, kisha tumwambie: leo twende ule kwetu. Sufuria ile ile itatosha, tukiongeza maji kidogo kwenye mchuzi.

Mungu awalinde walio mbali, awape mahali pa kuketi na mtu wa kuwaita kwa jina. Kwaherini.