Kuku wa Kwenye Friza: Mama na Dada, Nani Mkweli?

(Mazungumzo na wanachama wa klabu ya afya shuleni)

Niliwaomba mwandike maswali kwenye karatasi, bila majina. Moja limenichekesha, halafu likanifanya nifikiri. Linasema: "Nyumbani tuna kuku kwenye friza tangu sikukuu ya mwaka jana. Mama anasema yuko salama, apikwe. Dada anasema ni sumu, atupwe. Nani mkweli?"

Kabla hatujaamua kesi hii, tuelewane jambo moja. Baridi ya friza haiui bakteria wote. Wengi inawalaza usingizi tu. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, bakteria kama salmonela hawazaliani. Kwa hiyo kuku aliyegandishwa akiwa salama, na barafu yake haijayeyuka hata siku moja, hageuki sumu kwa sababu ya kukaa. Kinachopungua ni utamu. Ndiyo maana tunashauriwa kuku mzima aliwe ndani ya mwaka 1, na vipande ndani ya miezi 9. Ukiona mabaka makavu ya kijivu, nyama imekaushwa na baridi. Haina madhara, kata sehemu hiyo uitupe.

Hapo mama anashinda. Lakini ngojeni! Je, umeme haukukatika?

Bakteria waliolala wakipata joto huamka. Kati ya nyuzi 5 na 60 wanazaliana, na penye joto linalowafaa, mmoja anaweza kuwa wawili kila dakika 20. Haya, watu wa hesabu: mmoja tu, baada ya saa 4, wanakuwa wangapi? Wanapita 4,000!

Najua mtu ataniuliza, "Si watakufa jikoni?" Watakufa, ndiyo. Ila wengine, kama stafilokokasi, huacha sumu ndani ya nyama, na sumu hiyo haiharibiwi na kuchemsha. Wala usitegemee pua. Nyama yenye sumu hiyo inaweza isinuke kabisa.

Umeme ukikatika, msifungue friza ovyo. Iliyojaa hutunza baridi yake saa 48 hivi. Iliyojaa nusu, saa 24. Mkiwa mnasafiri, gandisheni kikombe cha maji, kisha wekeni sarafu juu ya barafu. Mkirudi mkaikuta sarafu imezama chini, jueni barafu iliyeyuka mkiwa hampo, hata kama kila kitu kimeganda tena. Kuku huyo atupwe.

Umeme ukirudi na kuku bado ana chembe za barafu, mpike au mgandishe tena. Kama amelegea na baridi imemtoka kwa zaidi ya saa 2, mtupe. Inauma, kuku ni pesa. Lakini kuhara na kutapika kunaweza kumlaza hospitali mdogo wako au bibi yako.

Na kumyeyusha je? Usimwache mezani usiku kucha. Mweke chini kabisa kwenye friji, ndani ya bakuli, maji yake yasidondokee vyakula vingine. Huna muda? Mfunge vizuri kwenye mfuko, umtumbukize kwenye maji baridi, ubadilishe maji kila nusu saa, kisha umpike papo hapo. Ubao uliokatia kuku mbichi usikatie kachumbari kabla hujauosha kwa sabuni.

Apikwe mpaka ndani afike nyuzi 74. Kama hamna kipimajoto, chaneni paja hadi mfupani. Nyama ikiwa bado mbichi au ina maji ya damu, rudisheni motoni.

Sasa wewe uliyeandika swali. Kama umeme haukukatika kwa muda mrefu, mama ni mkweli. Kama ulikatika mpaka kuku akalegea, dada ni mkweli. Najua si rahisi kumpinga mzazi, basi usimpinge. Muulize tu kwa heshima: "Mama, ule umeme ulipokatika, kuku aliyeyuka?" Swali hilo moja linaweza kuwaokoa wote mezani.

Haya, nani ana swali?