Nani Atangulie Katika Chumba cha Dharura?

(Maneno ya mazungumzo kwa wakaaji wa Nakuru na kaunti za jirani)



Katika mji wa Nakuru uko mlango mmoja usiofungwa usiku wala mchana, nao ni mlango wa chumba cha dharura cha hospitali kuu, ambacho wenyeji wengi hukiita kezualti. Hospitali hiyo zamani ilikuwa Hospitali Kuu ya Mkoa wa Bonde la Ufa. Siku hizi ni hospitali ya rufani ya kaunti. Wagonjwa huja kutoka Njoro, Molo, Subukia na Gilgil, na hata kutoka Baringo, Nyandarua na Narok. Wengine huletwa kwa gari la wagonjwa, wengine kwa matatu, na wengine juu ya bodaboda, wameshikwa na ndugu aliyeketi nyuma yao.

Kila mmoja ana sababu yake ya kuja, na kila mmoja aamini kwamba shida yake ndiyo kubwa kuliko zote. Hapo ndipo manung'uniko huanza. Mtu aliyefika alfajiri humwona mwingine aliyefika saa nne akiingizwa mbele yake, naye husema moyoni, "Huyu ana jamaa humo ndani." Upendeleo ni kosa liwezalo kutokea mahali po pote, na likitokea yapasa lishtakiwe. Lakini mara nyingi sababu ni nyingine, na yafaa kila mtu aifahamu.

Dukani, wa kwanza kufika ndiye wa kwanza kuhudumiwa. Chumba cha dharura hakina desturi hiyo. Mwuguzi aliye mlangoni humtazama kila mgonjwa: jinsi anavyopumua, mapigo ya moyo wake, joto la mwili, damu inayomtoka, na kama anajitambua. Katika hospitali nyingi mgonjwa hupewa rangi. Nyekundu ni ya mtu awezaye kufa baada ya muda mfupi, naye huingizwa papo hapo. Rangi ya chungwa ni ya yule asiyefaa kucheleweshwa. Manjano ni ya mtu awezaye kungoja kidogo, na kijani ni ya yule awezaye kungoja bila hatari. Mpango huu hautazami cheo, kabila wala mfuko.

Wala hautazami kelele. Mtoto aliaye kwa nguvu, angalau anayo pumzi ya kulia. Mtoto aliyelegea, asiyenyonya, asiyeamka vema, huyo ndiye wa kukimbiliwa, ingawa yu kimya mgongoni mwa mama yake. Vivyo hivyo mzee aliyeketi pembeni bila neno, mdomo umekwenda upande na mkono hauinuki, yumo hatarini kuliko kijana apigaye kelele kwa jino. Kiharusi kina dawa zinazofaa katika saa chache za kwanza tu.

Barabara kuu ipitayo Nakuru huleta majeruhi wengi. Majina ya Salgaa na Sachangwan yajulikana nchi nzima kwa ajili ya ajali. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo. Watu wakakimbilia kuchota mafuta, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Majeruhi walipelekwa Molo na Nakuru, na wengine wakahamishwa mpaka Nairobi. Siku kama hiyo mwenye kikohozi hana budi kungoja, na mtu mwenye utu hawezi kumlaumu mwuguzi.

Sababu nyingine hutoka nyumbani na shambani. Mtu aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20, wala asipakwe mafuta ya kupikia, unga wala dawa ya meno. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa au dawa ya kunyunyizia mimea asilazimishwe kutapika. Apelekwe upesi, na chupa ile ichukuliwe ili daktari aitazame. Aliyeumwa na nyoka, jambo la kawaida katika nchi kavu ya Baringo, asichanjwe kwa wembe wala asifungwe kamba ya kukaza. Pete na bangili zitolewe, mguu au mkono utulizwe usitikisike, na safari ianze mara moja.

Wako pia wajao bila hatari kubwa, nao wasidharauliwe. Mama wa Njoro aliyefika saa tatu usiku na mtoto mwenye homa, huenda alikuta zahanati ya karibu imefungwa. Mwingine aliikuta wazi, lakini dawa zimekwisha. Hawa hawakuja kwa ujinga. Hata hivyo, mchana, kwa kidonda kidogo au mafua, zahanati na kituo cha afya ndipo mahali pa kuanzia, ili nafasi ya kezualti ibaki kwa anayekata roho.

Jambo la mwisho ni haki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yaeleza zaidi: matibabu hayo ni pamoja na huduma ya njiani, kumtuliza mgonjwa hali yake, na kumpangia safari ya kwenda hospitali nyingine ikihitajika. Hata hivyo, mwaka 2015 majeruhi mmoja alikaa saa 18 ndani ya gari la wagonjwa mjini Nairobi, akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, kisha akafa. Sheria iliyoandikwa yataka watu waijue na waidai. Lakini kifungu hicho hakisemi kwamba hakutakuwa na malipo baadaye. Kwa hiyo ni busara kujiandikisha mapema katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo tangu Oktoba 2024 imeshika mahali pa ile bima ya NHIF.

Basi kila upande una wajibu wake. Mwuguzi amweleze angojaye kwa nini angoja. Neno moja la upole hupunguza hasira nyingi. Naye angojaye aseme ugonjwa ulianza saa ngapi, aonyeshe dawa alizokwisha kumeza, na akiona hali ya mgonjwa wake imebadilika asinyamaze kwa haya, bali arudi kwa mwuguzi mara hiyo hiyo. Leo yeye hupisha mwingine. Kesho huenda akapishwa yeye.