Mwizi Wetu na Mwizi Wao



Kanuni ya Adhabu inasema mwizi anaweza kufungwa hadi miaka saba. Hadi! Kati ya kuachiwa kwa masharti na miaka saba kuna nafasi kubwa, na anayeijaza ni hakimu, binadamu mwenye malezi yake na hasira zake.

Akishamtia mtu hatiani, anamuuliza ana lipi la kusema ili apunguziwe adhabu. Mwenye wakili anaombewa vizuri: kosa la kwanza, familia inamtegemea, mtu wa kanisani. Dogo wa kijiweni anasema "naomba msamaha", basi. Hana kazi, hana anwani ya maana, na umaskini wake unasomeka kama tabia mbaya. Halafu inatamkwa faini au jela. Mmoja analipa anaenda kula, mwingine anapanda karandinga.

Lakini tusiwaseme mahakimu peke yao. Panya Road walipokamatwa mwaka 2022, wangapi humu walitaka wafungwe maisha kabla hata hawajasomewa mashtaka? Akikamatwa mwenzetu, tunamjua mpaka mama yake, tunaeleza mazingira yote. (Huo ndio utetezi wenyewe, kumbe tunaujua!)

Naomba kwenye ilani yetu vijana tudai hakimu aandike sababu za kila adhabu, na asiye na wakili aelezwe mambo anayoweza kuyasema. Na kamati yetu ya nidhamu ianze kuandika zake mwezi huu.