Sifa ya Nchi na Ubora wa Redio: Mada kwa Wafanyabiashara, Mafundi na Wanunuzi wa Karatu na Ngorongoro



Mtu atokaye Endulen au Mang'ola kuja mjini Karatu kununua redio, swali la kwanza amwulizalo mwenye duka aghalabu si redio hii hukamata idhaa zipi, wala mawe yake hudumu muda gani, bali ni hili: imetengenezwa wapi? Akiambiwa Japani, moyo wake hutulia. Akiambiwa China, huirudisha juu ya kaunta au huomba apunguziwe bei. Nia yangu leo ni kudhihirisha kwamba swali hilo, ingawa chanzo chake ni busara, limekuwa mlango wa hila, na kwamba sifa ya nchi haiushuhudii ubora wa redio tu, bali huupandisha na kuushusha.

Hakuna taifa lililozaliwa na sifa hiyo. Mwaka 1887 Uingereza ilipitisha sheria ya alama za bidhaa, kwa malalamiko ya wenye viwanda wake juu ya vitu duni vya Ujerumani vilivyoghushi alama zao. Lakini jina la Ujerumani, lililokusudiwa kuwa onyo kwa mnunuzi, likageuka baadaye kuwa fahari ya muuzaji. Japani nayo, ambayo leo hutajwa kwa taadhima, ilidharauliwa hata baada ya vita kuu ya pili kwa vitu rahisi vya kuiga. Mwaka 1950 Mmarekani W. Edwards Deming aliwafundisha wahandisi na wakuu wa viwanda wa huko elimu ya kudhibiti ubora kwa hesabu. Mwaka 1955 kampuni iliyokuja kuitwa Sony ikatoa redio yake ya kwanza ya transista. Na mwaka 1957 serikali yao ikatunga sheria ya kukagua bidhaa kabla ya kupakiwa melini. Sifa ile, basi, ilichumwa mlangoni pa kiwanda na gatini.

Na sisi tunao ushahidi wetu wa karibu. Baada ya uhuru redio za Philips ziliunganishwa Arusha, na za National, pamoja na mawe yake, zikatengenezwa Dar es Salaam. Zama hizo ndizo za kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vya kusikiliza na kujadiliana. Mwenye redio alijisifu kuwa anayo ya Uholanzi, hali skrubu zilikazwa na vijana wa Arusha. Alichokiamini, kwa insafu, kilikuwa kanuni ya kiwanda, ambayo hufaa popote inaposimamiwa kwa uaminifu.

Hebu sasa tuitazame China. Katika jimbo la Guangdong iko kampuni ya Tecsun, ambayo redio zake husifiwa na wasikilizaji wa masafa mafupi Ulaya na Marekani, na baadhi yake ziliuzwa Marekani kwa jina la Kijerumani la Grundig. Kutoka jimbo hilohilo hutoka pia redio ambazo hazimalizi msimu mmoja wa mvua. Sababu ya tofauti hii ni agizo. Mfanyabiashara wetu, akijua kwamba mteja hatalipa bei ya haki kwa kitu cha China, humwomba mwenye kiwanda kitu kilicho rahisi kupita vyote. Mwenye kiwanda hupunguza mpaka bei itimie. Redio ikiharibika, mteja huthibitishiwa dhana yake, na agizo lijalo hushuka zaidi. Sifa mbaya imezaa ubaya iliousema.

Mkaribie fundi akiwa amefungua redio ya namna hiyo. Kijiti cheusi kilichozungushiwa waya wa shaba, ambacho ndicho antena ya masafa ya kati, ni kifupi kama kidole. Sumaku ya spika ni ndogo. Springi za mawe zimeanza kutu. Na usoni pamechapwa kuwa ina bendi 12, nayo haina uwezo wa kuzitenga idhaa mbili zilizokaribiana. Juu yake pamebandikwa jina la Kijapani lililozidishwa herufi moja. Redio hiyo yaweza kumridhisha mtu wa Arusha mjini, aliye karibu na mnara. Lakini mawimbi ya FM hayapindi mlima, na mfugaji wa Nainokanoka, au mkulima aliye nyuma ya mgongo wa Oldeani, anahitaji redio iliyo kali ya kunasa kuliko mtu yeyote. Yeye ndiye huuziwa iliyo butu, naye hukosa habari za magonjwa ya mifugo na bei za vitunguu alizonunulia redio.

Sheria tunazo. Shirika la Viwango lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, tangu 2012 bidhaa nyingi hukaguliwa huko zitokako, na Tume ya Ushindani husimamia sheria ya alama za bidhaa ya mwaka 1963. Hata hivyo, simu bandia zilipozimwa Juni 2016 ziliweza kuzimwa kwa sababu kila simu ina namba yake katika mtandao, lakini redio haina. Dhima ya redio imebaki kwenye kaunta ya duka.

Kwa hiyo nawasihi wenye maduka wa Karatu: andikeni katika risiti jina kamili la kampuni na namba ya toleo, si jina la nchi, na mpeni mnunuzi siku 14 akaijaribu nyumbani kwake, bondeni anakoishi. Nanyi wanunuzi, msikubali kujaribiwa redio kwa idhaa yenye nguvu. Ombeni mtafutiwe iliyo hafifu, kisha ndipo mtoe fedha.