Solidago: Ua Linalosingiziwa

Kila mwisho wa kiangazi huko Marekani, watu wanapoanza kupiga chafya, lawama huangukia solidago, ua la manjano la porini ambalo baadhi ya wenye bustani hulikwepa. Ushahidi hauungi mkono shtaka hilo. Chavua yake ni nzito na inanata; hubebwa na nyuki, si upepo. Mkosaji hasa ni ambrosia, gugu lenye maua ya kijani yasiyovutia macho, linalochanua majira yaleyale na kumwaga chavua nyepesi hewani. Aliyejificha ametenda, anayeng'aa ameadhibiwa.

Wapo watakaosema solidago hutambaa na kuteka bustani nzima. Ni kweli kwa Solidago canadensis, ambayo imekuwa gugu vamizi Ulaya na China. Lakini hoja hiyo inahusu spishi na mahali, si ukoo mzima: Solidago caesia hukua kwa mashina yaliyoshikamana, hata penye kivuli. Tena ua hili lina heshima na faida zake: jimbo la Nebraska lilichagua solidago kuwa ua lake mwaka 1895, na vipepeo wa monaki hunywa nekta yake wakielekea Meksiko. Kwa mwenye bustani wa Marekani, busara ni kuchagua aina, si kuhukumu jina.